Sanduku la Fundi: Supra iliyokata moto ikiuona mstari

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu kuhusu msimu wa 2020 wa Super GT, yale mashindano makubwa ya magari ya Japani. Nilisema gari lililokuwa linaongoza liliishiwa mafuta kwenye kona ya mwisho ya mbio za mwisho, na ubingwa ukaenda kwa aliyekuwa nyuma yake. Kisha nikaendelea na habari zangu za alternata. Kumbe alternata hamkuzisoma! Barua karibu zote zimeuliza huo mstari mmoja. Haya, alternata zipumzike.

SWALI: Shikamoo mzee. Hapa kijiweni tumebishana mpaka chai imepoa. Gari lenye wahandisi na kompyuta linaishiwaje mafuta kama bodaboda? Wenzangu wanasema ni hujuma. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujuma hapana. Nilikuwa naangalia, na kwanza nikueleze nilichokiona, halafu nilichokielewa baadaye, maana vilikuwa vitu viwili.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 29 Novemba 2020. Mbio hizo za mwisho, uwanja wa Fuji kule Japani, zilianza saa saba mchana kwa saa za kule, kwetu saa moja asubuhi. Nilikuwa gereji peke yangu, simu nimeiegemeza kwenye betri ya Noah ya mteja, chai ya rangi pembeni. Mizunguko 66, kila mmoja kilometa 4.563. Mbele yuko Ryo Hirakawa na Supra namba 37 ya timu ya TOM'S. Anayemfukuza ni Naoki Yamamoto na Honda NSX namba 100, la buluu. Mwenye kumaliza mbele ya mwenzake anaondoka na ubingwa wa mwaka mzima. Mzunguko wa mwisho nikajiambia basi, Hirakawa kamaliza kazi. Wakapanda ile sehemu ya kona za taratibu, wakaikaribia kona ya mwisho, na picha ikaganda. Bando hilo. Iliporudi, lile la buluu ndilo linavuka mstari, na Supra iko nyuma inaserereka kama gari linalosukumwa na watoto. Nikadhani wananirudishia picha za kitu kingine. Nilielewa pale kamera ilipokwenda kwa mafundi wa TOM'S.

Petroli ilimwishia Hirakawa akitoka kona ile. Barabara nyoofu ya Fuji ina karibu kilometa moja na nusu, na mstari wa kumalizia uko humo humo, anauona kwa macho yake. Gari likabaki linakwenda kwa kasi liliyotoka nayo kwenye kona tu. Yamamoto akampita pale pale kwenye barabara nyoofu. Hirakawa alivuka wa pili, injini haimsaidii kitu. Mshindi anapata pointi 20, wa pili 15, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua ubingwa.

Sasa hoja yako ya kompyuta. Wale watu wanajua mafuta yao kwa gramu, na ndiyo sababu yakaisha. Lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo, na kila kilo unayobeba unailipia kwenye kona. Halafu kuna muda wa kumimina. Katika Super GT gari likiingia piti, pale pembeni wanapoongeza mafuta na kubadili matairi, huruhusiwi kugusa tairi wakati bomba la mafuta limechomekwa. Mafuta kwanza, matairi baadaye. Kwa hiyo kila lita unayoongeza ni muda ambao gari limesimama na wenzako wanakwenda. Mhandisi anapiga hesabu: mizunguko iliyobaki, kiasi gari linachokunywa kila mzunguko, na akiba kidogo ya roho. Ile akiba ndiyo wanayogombania.

Hapo ndipo dereva wa daladala anapowaelewa kuliko mimi na wewe. Anaweka mafuta ya elfu kumi kwa sababu anajua tripu yake: Mbagala mpaka Kariakoo na kurudi, inatosha. Lakini hesabu hiyo ni ya siku ya kawaida. Siku akikimbizana na mwenzake kugombea abiria, kila kituo anakanyaga mpaka chini, ile elfu kumi inakuwa elfu nane. Hirakawa alikuwa na Yamamoto mgongoni. Angepunguza mguu ili alinde mafuta, angepitwa mapema. Akakanyaga, na akapitwa akiwa na mita mia chache mkononi.

Kijiweni waambie hivi: wangeongeza lita mbili pale piti, labda Hirakawa angevuka mstari mafuta yakiwa yamebaki na bado awe wa pili, na leo usingeniandikia. Uzembe mimi siuoni pale. Mimi mwenyewe niliwahi kuzimikiwa na Carina ya mteja kwenye mlima mdogo kabla ya Mlandizi, kituo cha mafuta nakiona, kwa sababu geji niliyotakiwa kuitengeneza nilikuwa bado sijaitengeneza. Ule ndio uzembe. Nilisukuma na suruali ya kanisani.

Na usimlilie Hirakawa kwa siku ile peke yake. Kule gari moja lina madereva wawili wanaopokezana. Mwaka 2018 aliingia mbio za mwisho, uwanja wa Motegi, akiwa na mwenzake Nick Cassidy wa New Zealand, pointi sawasawa na namba 100, ambayo mwaka huo ilikuwa ya Yamamoto na Jenson Button, yule bingwa wa Formula 1 wa 2009. Namba 100 wakamaliza wa tatu, Hirakawa na Cassidy wa nne. Ubingwa ukaenda. Mwaka 2019 Hirakawa na Cassidy wakashinda mbio za mwisho kabisa, na bado wakawa wa pili kwenye msimu, nyuma ya Kazuya Oshima na Kenta Yamashita. Mwaka 2020 Cassidy akaondoka kwenda Formula E, mashindano ya magari ya umeme, kabla ya mbio za mwisho, na nani akaletwa kukaa kiti chake? Yamashita, yule yule aliyewanyang'anya mwaka uliotangulia! Wakapoteza pamoja. Subiri, bado. Tarehe 20 Desemba, wiki tatu tu baada ya petroli ile kuisha, uwanja ule ule wa Fuji, Hirakawa na Yamamoto walikutana tena kwenye mbio za mwisho za Super Formula, zile za magari ya kiti kimoja. Bingwa Yamamoto, wa pili Hirakawa.

Mwaka 2022 Hirakawa alishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, na Toyota. Nilinunua soda siku ile, na mimi si mtu wa Toyota.

SWALI: Fundi, nimesikia kwenye mbio hizo anayeshinda anafungwa mzigo wa uzito mbio zinazofuata. Mimi ni mwalimu. Mwanafunzi wangu akishika namba moja nimtundike tofali? Hii si dhuluma? (Mwalimu, Mwanza)

JIBU: Mwalimu, umenibana, lakini nitawatetea. Ni kweli. Kwa sheria ya mwaka ule wa 2020, katika daraja la juu, GT500, kila pointi unayopata inakuwa kilo 2 za uzito. Ukishinda mbio za kwanza una pointi 20, basi mbio za pili unabeba kilo 40, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Ukiendelea kushinda na uzito ukapita mfuko mmoja, sehemu ya mzigo inageuzwa: wanakubania mrija wa mafuta, injini inakula kidogo kuliko ya wenzako. Mbio ya kabla ya mwisho mzigo unapungua nusu, kilo 1 kwa pointi. Ya mwisho hakuna mzigo kabisa, kila mtu na miguu yake.

Kwa nini? Mwaka ule wa 2020 ulionyesha vizuri. Ulikuwa mwaka wa corona. Mbio zilizotakiwa kuanza Aprili zilianza Julai, safari za Malaysia na Thailand zikafutwa, na mbio zote 8 zikafanyika viwanja vitatu tu: Fuji mara nne, Suzuka mara mbili, Motegi mara mbili. Mwanzoni majukwaa yalikuwa matupu. Toyota ndiyo kwanza wamestaafisha Lexus na kuleta Supra mpya, na mbio ya kwanza Supra zikashika nafasi ya kwanza mpaka ya tano. Ya kwanza mpaka ya tano, mwalimu! Namba 37 ndiyo ilishinda. Bila mzigo, nani angeamka Jumapili asubuhi kuangalia mbio ya pili? Lakini mbio ya pili, uwanja ule ule, Honda ikashinda. Ya tatu, Suzuka, akashinda Nissan GT-R namba 23 wa Tsugio Matsuda na Ronnie Quintarelli, Mwitaliano aliyekwishachukua ubingwa huu mara nne. Kampuni tatu, mbio tatu. Waliporudi Suzuka mwezi Oktoba, GT-R ile ile iligonga kwenye mbio za kupanga nafasi, ikaanza nyuma ya wote, na ikashinda. Hapo bahati ilikuwamo: iliingia piti muda mfupi tu kabla gari la usalama halijatoka kuwapunguza mwendo wenzake. Waliolalamika walikuwa na haki ya kulalamika.

Kwa hiyo tofali la mwanafunzi wako lina tofauti moja na la kwao. La kwao linavuliwa siku ya mtihani wa mwisho. Wewe ukiweza kulivua siku ya NECTA, mtundike.

SWALI: Nina Supra ya zamani, silinda sita, ndiyo fahari yangu. Je, hiyo iliyokimbia 2020 ina injini kama yangu? (Mpenda chombo, Mombasa)

JIBU: La, kaka. Usikasirike. Ina silinda nne na lita mbili tu, yenye turbo. Siyo Supra peke yake, GT-R na NSX za GT500 mwaka ule zilikuwa hivyo hivyo, ndiyo sheria. Inatoa zaidi ya nguvu farasi 550 kutoka kwenye ujazo wa injini unaoukuta kwenye Premio. Chesisi ni ya kaboni, na kinachofanana na gari la barabarani ni sura yake na jina lake. Mwaka 2020 Honda walifika mahali wakahamisha injini ya NSX kutoka katikati kuileta mbele, kwa sababu sheria mpya ilitaka wote wawe na umbo moja, wakati NSX iliyokuwa ikiuzwa dukani injini yake ilikuwa nyuma ya mgongo wa dereva. Niliposoma habari ile nilicheka peke yangu. Ni kama kuoa mtu kwa picha.

Yako yenye silinda sita itunze. Na ukitaka kuiuza, niandikie kwanza mimi.

SWALI: Mwanangu ananiambia Prius inakimbia kwenye mashindano hayo. Mimi naendesha Prius ya kukodisha kwa abiria na nimemwambia aache uongo. Nani mkweli? (Mama wa teksi, Arusha)

JIBU: Mwombe radhi mtoto, dada yangu. Prius ilikuwamo 2020, daraja la pili, GT300. Magari ya madaraja yote mawili yanakimbia uwanjani kwa pamoja, zaidi ya 40, ya haraka yakipenya katikati ya ya taratibu mbio nzima. Nusu ya utamu uko hapo. Kwenye GT300 ya mwaka ule ungekuta Porsche na Mercedes, na humo humo ungekuta Subaru BRZ na hiyo Prius. Bila shaka ungeifungua usingekuta chochote unachokijua.

Bingwa wa GT300 mwaka ule alikuwa Nissan GT-R namba 56 ya Kiyoto Fujinami na Mbrazili João Paulo de Oliveira. Timu yao ni ya Masahiko Kondo, ambaye Japani nzima ilimjua kwanza kwa kuimba. Msanii mwenye timu ya magari, na timu inashinda. Hilo nalo mwambie mtoto.

SWALI: Mzee, kila mara unaisifia ile Honda namba 100. Honda huku kwetu zenyewe za kuhesabu. Au wanakulipa? (Msomaji, Ilala, Dar es Salaam)

JIBU: Wangenilipa ningekuwa na bando la kutosha.

Kijana, wewe uko Ilala, toka nje sasa hivi. Tafuta gari lolote lililotoka Japani, inama kwenye taa ya mbele, futa vumbi pembeni chini ya kioo. Kuna maandishi madogo yaliyochomoza kidogo, unaweza kuyasoma kwa kidole. Toyota nyingi zimeandikwa KOITO. Honda, na nyingine nyingi, zimeandikwa STANLEY, na namba. Mimi ni fundi umeme wa magari, maandishi hayo nimeyapapasa miaka yote hii, mara nyingi usiku, kwa sababu taa ya mtu huwa inakufa usiku. Namba ile ndiyo inayokuambia kama taa aliyokuletea muuza spea wa Gerezani ni pacha wa iliyovunjika au ni ndugu wa mbali.

Sasa: gari namba 100 liliandikwa RAYBRIG ubavuni. Raybrig lilikuwa jina la biashara la balbu na taa za hao hao Stanley Electric. Wenzake wana mafuta na simu na vinywaji ubavuni, hili lina taa! Ningeshabikia nini kingine? Na 29 Novemba 2020 ilikuwa mbio ya mwisho ya jina lile, maana Stanley walikuwa wanalizika. Msimu uliofuata gari likaandikwa STANLEY, basi, kama kwenye kioo. Kwa hiyo siku Hirakawa anaishiwa mafuta, kwangu kulikuwa na kitu kingine ndani yake: jina linaondoka, na linaondoka likiwa mbele.

Halafu kuna mwenye timu, Kunimitsu Takahashi. Mwaka 1961, Hockenheim, Ujerumani, juu ya Honda ya cc 250, alikuwa Mjapani wa kwanza kushinda mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia. Akaja kwenye magari, akaendesha mpaka umri ambao wenzake wanalea wajukuu, akaanzisha timu yake. Siku ile ya Fuji alikuwa na miaka 80. Vijana wake Yamamoto na Tadasuke Makino, ambaye ule ndio ulikuwa ubingwa wake wa kwanza wa daraja hilo, walikuwa wakilia, mtu analia mpaka huwezi kumsikia anachojibu. Takahashi alifariki Machi 2022. Nilikuwa nabadilisha holda ya taa ya Fit niliposikia. Nikamaliza kazi, nikafuta kioo mara mbili.

SWALI: Fundi, nina Probox, taa ya mafuta imewaka njano. Nitafika Chalinze? (Ujumbe mfupi, bila jina)

JIBU: Hukuniambia unatoka wapi. Kama uko Msata pengine, kama uko Kimara hata usijaribu. Na hata ukifika, pampu yako ya mafuta inakaa ndani ya tangi na inapozwa na petroli ile ile. Ukiizoesha kukimbia na tangi tupu itaungua, na pampu ni bei kuliko hayo mafuta unayoyakwepa. Ujumbe wako ulikuja Jumatano, najibu toleo la Jumamosi, kwa hiyo ama umefika au unasukuma. Nijulishe.